Karibu Wageni, Herufi Ndogo Zote

Nilipoiweka laptop juu ya meza ya Mwalimu Wafula niliiweka juu ya sahani yake, chapati na madondo ya maharagwe ndani, na sikuomba msamaha. Mchuzi uliruka ukashika shati lake. Nilikuwa nimetoka moja kwa moja kwenye ubao wa matangazo, ambapo walikuwa wamebandika majina ya wanafunzi ambao hawangekubaliwa kufanya mtihani wa muhula kwa sababu ya kutohudhuria masomo, na jina langu lilikuwa la nne. Mimi, ambaye sikukosa somo hata moja. Mwalimu Wafula ndiye alikuwa msimamizi wa kompyuta na mtandao pale chuoni kwetu Bungoma, tulipokuwa tukisomea ualimu wa chekechea. Aliinua mikono kama mtu aliyeelekezewa bunduki. "Madam, subili kwanza, nakula," akasema. Nikamwambia, "Naona. Andika password." Akasema, "Si nilikuambia password ni..." Nikamkata. "Umeniambia mara kumi. Usiniambie tena. Andika wewe, na mkono wako, mimi naangalia." Sauti yangu, niliambiwa baadaye, ilifika hadi jikoni na wapishi wakaacha kusonga ugali. Sijui. Ninachokumbuka ni uchovu. Watu hufikiri mtu akipiga kelele ana nguvu nyingi. Mimi nilipiga kelele kwa sababu sikuwa na nguvu tena ya kuongea polepole.

Jumamosi iliyopita nilikutana na Nekesa hapa Kitale, nje ya posho mill, gorogoro la mahindi miguuni pake. Nekesa ndiye niliyeishi naye chumba kimoja mwaka ule. Alinikumbatia hadi unga wa nguo zake ukaniingia puani, akaanza kucheka kabla hatujasalimiana vizuri. "Mama Tasha! Karibu wageni!" Akawasimulia wanawake wa foleni kisa chote kwa sauti, na ile sahani ya madondo akaifanya sufuria nzima. Wakacheka wote. Hata mimi nilicheka, kwa sababu Nekesa husimulia vizuri kuliko ilivyotokea. Lakini nilipofika nyumbani nilikaa kwenye kiti na viatu miguuni muda mrefu, hadi Tasha, ambaye siku hizi yuko gredi ya pili, akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana. Hasira ambayo nilidhani imeisha ilikuwa imekaa tu mahali ikinisubiri, kama mwenyeji anayejua hutachelewa kurudi. Kila mtu akiisimulia ile hadithi ni kichekesho. Mimi nilikuwa ndani yake.

Mwaka ule Tasha alikuwa na miaka miwili. Nilimwachia mama yangu Kitale nikaenda kuishi hosteli Bungoma, nikirudi kila baada ya wiki mbili, na hayo ndiyo yote nitakayosema kuhusu mambo ya nyumbani. Baba wa mtoto hana sehemu katika karatasi hizi. Muhula wa kwanza tulisoma darasani kama watu. Likizo ikiisha upepo uliezua mabati ya madarasa, chumba cha kompyuta kikajaa maji, na mkuu wa chuo akatangaza kwamba mpaka paa lirudi tutasomea vyumbani, kwa laptop, kila asubuhi saa nne. Wakafunga kisanduku cha mtandao kwenye korido ya hosteli, juu ya ngazi, chenye taa tatu za kijani. Utaingia na jina lako, na mfumo utaandika kwamba ulihudhuria. Usipoingia, hukuhudhuria. Simu yangu ilikuwa kabambe ya kubonyeza, haiwezi mambo hayo, kwa hiyo nilitafuta laptop kama mwendawazimu. Niliipata kwa dada mmoja wa kanisani kwetu: ndogo, ya kijivu, si kubwa kuliko Biblia ya mimbari, kifuniko kimeshikwa na selotepu. Shuleni tulifundishwa kwamba kitu hicho kinaitwa kipakatalishi. Sijawahi kumsikia mtu akikiita hivyo nje ya mtihani.

Siku ya kwanza ya muhula Mwalimu Wafula alipita chumba kwa chumba akiingiza password kwenye kila mashine yeye mwenyewe. Hakutaka kuiandika popote, alisema watu wa nje wataiba mtandao. Mimi sikuwepo. Tasha alikuwa na malaria na nilikuwa Kitale nikimpangusa jasho kwa kitambaa. Nilifika siku mbili baadaye, masomo hayajaanza bado, nikamkuta mwalimu kwenye korido akienda zake, funguo zikilia mkononi. Nilimwamkia, nikamweleza. Hakusimama. "Password ni kalibu wageni," alisema akiwa ameshanipa mgongo. "Helufi ndogo zote. Na usiache nafasi katikati." Nikasema asante, mwalimu.

Ilikataa. Haikusema password ni mbaya, hilo ningelielewa. Ilizungusha kile kiduara chake, ikafikiria, kisha ikaandika kwamba haiwezi kuunganika na mtandao huu. Basi. Kama mtu anayekufungia mlango bila kukuambia umemkosea nini. "Wifi amekukataa," Nekesa akasema kutoka kitandani kwake, akimenya kiazi kitamu. Nekesa alikuwa ameolewa, aliwajua mawifi wa aina zote. "Hata wangu alianza hivyo hivyo. Ati haoni mtu mlangoni." Nikaandika tena, karibuwageni. Nikaandika na K kubwa. Nikaacha nafasi katikati. Nikaandika karibumgeni, labda nilisikia wengi pale palipokuwa na mmoja. Nikaizima, nikaiwasha. Nikabonyeza kile kitufe chenye picha ya ndege, nikakibonyeza tena. Nikaibeba hadi kwenye ngazi nikakaa chini kabisa ya kile kisanduku, nikizitazama taa zake za kijani, wanafunzi wakiniruka wakipanda na ndoo za maji. "Mama Tasha, unaotamia?" mmoja akaniuliza. Mashine za wenzangu zilikuwa zimeikumbuka password zenyewe tangu siku ile. Hakuna aliyeiandika tena, hakuna aliyewahi kuiona ikiandikwa. Kila niliyemuuliza aliniambia ile ile: karibu wageni, si alisema?

Kwa hiyo kila asubuhi saa nne Nekesa alivaa sikio moja la earphone, mimi nikavaa lingine, tukakaa kitandani kwake bega kwa bega, laptop yake mapajani, yangu imelala kule kwangu imezimwa. Waya ule ulikuwa mfupi. Nekesa akigeuka kupiga chafya, mimi napoteza sentensi. Mwalimu alifundisha na mimi nikaandika. Niliandika kila kitu, hata mizaha yake, kwa sababu sikuwa na njia nyingine ya kuonyesha kwamba nilikuwa pale. Mashine moja, jina moja, wa pili hana pa kujiandikisha. Mara mbili Nekesa alimwandikia mwalimu kwenye kile kidirisha cha ujumbe, Wambui yuko hapa na mimi. Mwalimu akajibu, aongee na watu wa kompyuta.

Watu wa kompyuta walikuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuja chumbani kwetu mara moja tu. Alisimama mlangoni, mikono mfukoni. "Hebu jalibu nione." Nikaandika, herufi zikageuka nukta moja moja. Ikakataa. "Umeandika kalibu wageni?" Nikasema ndiyo. "Helufi ndogo?" Ndiyo. "Basi ni hiyo mashine. Ni mzee. Peleka kwa fundi."

Nikapeleka kwa fundi. Kitale, nyuma ya stendi, kulikuwa na mzee aliyeitwa Kariuki ambaye zamani alikuwa akitengeneza redio, na bado alikuwa akizungumza na mashine kwa upole kama vile ndani yake kuna mtangazaji. Aliifungua mgongo, akapuliza vumbi, akaniambia saa yake ya ndani imekufa ndiyo maana inadhani tuko mwaka mwingine. "Mtandao haupendi mtu hajui tarehe," akasema. Akabadilisha kibetri kidogo kama kifungo cha shati. Kisha akaifuta mitandao yote iliyokuwa nayo kichwani. "Tunaiambia isahau, harafu tunaikumbusha." Akavuta kibodi kwake, akaandika password ya duka la dawa la jirani kwa vidole viwili, na ikashika pale pale. Nilitaka kulia. "Mama, hii haina ugonjwa," Kariuki alisema. "Ugonjwa uko huko Bungoma."

Nyumbani mama yangu alikuwa ameinjika githeri, chumba kimejaa mvuke na harufu ya kuni mbichi. "Hiyo rapitopu imepona?" Nikasema imepona. Tasha alinitazama akiwa nyuma ya leso ya nyanya yake, ameishika kwa ngumi. Nilimpa biskuti akaichukua haraka, kama anavyochukua kwa mtu wa kanisani. Baadaye, nikiwa nafua nje, nilimsikia mama akiongea na jirani jikoni, kwa sauti ile ya watu wazima wanaodhani mlio wa maji unawaficha. "Ameanza kuniita mama. Namkataza, rakini utamkatazaje? Mtoto anaita mwenye anamrisha." Jirani akasema itapita. Mama akasema, "Itapita, ndiyo. Hata mtoto anapita."

Nilirudi Bungoma na laptop iliyopona, na ikakataa. Ile ile: kiduara, kufikiria, haiwezi. Nikamfuata Mwalimu Wafula nikamwambia Kitale inashika. "Inashika Kitale? Basi lete Kitale hapa." Akacheka. Nikamwomba, na ninajua niliomba kwa adabu kwa sababu wakati ule bado nilikuwa nayo, aketi dakika mbili aiingize yeye mwenyewe kama alivyowaingizia wengine. "Niketi? Niko na mashine alobaini hapa, madam. Za wenzako zinashika. Shida iko kwako. Wewe jalibu tu, polepole. Kalibu wageni." Wiki iliyofuata nilikuwa napita chini ya dirisha la chumba cha walimu na karai la nguo, nikamsikia ndani, kijiko kikigonga kikombe. "Yule wa Kitale? Masomo imemshinda huyo. Ako na mtoto nyumbani, anatafuta sababu ya kulala huko." Wakacheka, si kwa ubaya, walicheka jinsi watu hucheka na chai. Nilisimama pale hadi maji ya nguo yakaninyeshea miguu. Nikaenda kuanika. Siku hiyo ndiyo nilistahili kupiga kelele. Nilichelewa wiki sita.

Mara ya pili Kariuki alibadilisha kadi ya mtandao yenyewe, kitu chembamba kama ukucha, akaitoa kwenye laptop nyingine iliyokufa. Ikashika. Akaizima, akaiwasha, ikashika. "Mimi nisikudanganye," alisema, "hata nikiifungua mara mia nitapata mashine nzima." Kitale iliapa kwamba laptop ni nzima, Bungoma ikaapa kwamba ni mgonjwa, na mimi nikawa wa kubeba mgonjwa asiyeumwa kutoka mji mmoja hadi mwingine, nimempakata kwenye leso ambayo ningembebea mtoto wangu. Jioni hiyo Tasha alianguka uani, akakwaruza goti, akapiga ukemi. "Mama!" Nilikuwa karibu naye, hatua tatu. Niliinama nikafungua mikono. Alinipita. Alikimbia akanipita, akaenda kumkumbatia nyanya yake miguuni, na mama yangu akanitazama juu ya kichwa cha mtoto kwa macho ya kuomba radhi, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi, zile radhi.

Kwa hiyo siku ile ofisini, madondo yakimtiririka shati, Mwalimu Wafula alipoona sitaondoka alivuta laptop, akapangusa kidole kwenye suruali, akaanza kuandika. Kidole kimoja. K. A. Kisha nikangoja kidole kipande safu ya juu, kwenye R, njia ambayo vidole vyangu vilikuwa vimeipita mara mamia muhula ule. Hakikupanda. Kilikwenda kulia, kikatua kwenye L.

"Hapo umekosea," nikasema.

"Sijakosea."

Akamaliza. Kiduara kikazunguka, na laptop ikashika.

"Si unaona?" Mwalimu Wafula alisema, na alikuwa amefurahi kweli, kama mtu aliyemponyesha mtu. "Kalibu wageni! Si hiyo tu nilikuambia?"

Na ni kweli, alikuwa ameniambia. Aliniambia mara kumi, herufi kwa herufi, jinsi alivyoiandika. Ni mimi niliyeibadilisha. Darasa la nne, Kitale, mwalimu wetu alikuwa akitusimamisha sisi watoto wa kwetu, ambao nyumbani kalamu ni karamu na kulala ni kurara, akitutaka tuseme "rula ya Lilian iko kwenye lori," na anayekosea anasimama hadi mapumziko. Nilisimama mwaka mzima. Nilijifunza. Nilijifunza vizuri hivi kwamba hadi leo sikio langu husahihisha watu bila kuniambia. Mtu akisema helufi, nasikia herufi, na siwezi kuapa alichosema. Kila mara Mwalimu Wafula alipofungua kinywa, sikio langu lilimpa R yake kimya kimya, kama mtu anayemfuta mwenzake makombo mdomoni, na adabu hiyo ndiyo iliyonifungia nje.

Mlangoni walikuwa wamejaa wanafunzi, na walipoelewa walicheka hadi wakashikana. Yeye pia alicheka. "Pole madam. Ni ulimi tu." Nikamuuliza kuhusu jina langu kule ubaoni. Akaacha kucheka, akaanza kutafuta kitambaa cha kujipangusia. "Hiyo si yangu. Hiyo ni ya ofisi." Nikaenda ofisini. Naibu wa mkuu alinionyesha skrini. Mbele ya jina langu, muhula mzima, sifuri. Nikamweleza. Alisikiliza hadi mwisho, nitamsifu kwa hilo, kisha akasema mfumo hauna mahali pa kuandika hadithi. Kama nina lalamiko niliandike rasmi, lifike kabla ya Ijumaa, na bila hivyo nirudie mwaka.

Kurudia mwaka. Nilikaa kitandani nikihesabu Tasha atakuwa na miaka mingapi. Nekesa ndiye aliyeniletea karatasi na kalamu. "Mmalize," alisema, amekasirika kuliko mimi. "Andika ati hajui Kiswahili. Andika ati chuo kizima wameajili mtu hawezi kutofautisha ele na are!" Nilimwangalia. Hakusikia alichosema. Niliandika hivyo hivyo kama alivyotaka, ukurasa mzima, na ilikuwa tamu kuandika. Kisha nikaisoma kwa sauti, na sauti iliyotoka kinywani mwangu ilikuwa ya yule mwalimu wa darasa la nne. Nikamwona mama yangu akisimamishwa mbele ya darasa na rapitopu yake. Nikamkumbuka Kariuki, ambaye ulimi wake nao huteleza, lakini yeye alivuta kibodi akaandika. Nikaichana, nikaanza upya.

Alhamisi asubuhi nilipeleka barua. Karani aliisoma mstari wa kwanza akairudisha kwenye meza kwa kidole. "Malalamiko huandikwa kwa Kiingereza." Nikamwambia, "Password ilikuwa ya Kiswahili." Karani akafungua droo, akatoa muhuri, akaipiga juu kona, akaniachia nakala. Ninayo hadi leo, na hivi ndivyo ilivyosema:

*Kwa Mkuu wa Chuo.*

*KUH: KUONDOLEWA KWANGU KWENYE MTIHANI WA MUHULA WA PILI*

*Mimi ni mwanafunzi wa ualimu wa chekechea. Nalalamika kwamba tangu wiki ya kwanza ya muhula huu nilimwomba msimamizi wa kompyuta aiingize password kwenye laptop yangu, kama alivyowaingizia wanafunzi wengine wote, naye akakataa kuigusa. Alipoigusa Jumanne wiki hii ilishika kabla ya dakika moja kwisha. Silalamiki kuhusu matamshi yake. Kama password ingeandikwa kwenye karatasi ningeisoma, na nisingekuwa na la kusema leo.*

*Nalalamika pia kwamba alisema mbele ya walimu kuwa nina mtoto na natafuta sababu. Ni kweli nina mtoto. Ana miaka miwili, na muhula huu nimekuwa naye siku kumi na mbili. Sikumwacha ili niandikwe sikuhudhuria.*

*Naambatisha madaftari yangu matatu. Masomo yote yamo, kwa tarehe, na maneno ya walimu kama walivyoyasema. Naomba mwalimu yeyote aniite aniulize swali lolote, kutoka somo lolote, na madaftari yabaki kwenu wakati huo.*

*Wikendi hii ni zamu yangu ya kwenda Kitale kumwona mtoto. Siendi. Niko hosteli, chumba cha sita, nangoja kuulizwa.*